MASHUA INAYOPANDA MLIMA: SAFARI YA SIKU MOJA KATIKA MFEREJI

Ndugu msomaji, wewe unaijua tabia ya maji. Maji hayapandi mlima. Ukiyamwaga juu ya mwinuko yatateremka mpaka yafike bondeni, na huko ndiko yatakakotulia. Mtoto mdogo anajua jambo hili. Mkulima anayechimba mfereji wa kumwagilia shamba lake analijua zaidi.

Basi utasemaje ukiambiwa kwamba iko nchi ambako mashua yenye uzito wa tani zaidi ya 10 hupanda mlima ikiwa majini? Tena hupanda bila kuvutwa na mashine yoyote, ila kwa maji yenyewe na nguvu za mikono ya watu wawili au watatu.

Jambo hilo lipo Uingereza, na wala si uchawi. Ni ufundi wa zamani sana, na mtu akielezwa pole pole anauelewa. Leo tutasafiri kwa maneno siku nzima katika mfereji mmoja wa huko. Tutaona mashua inavyopandishwa, tutaona madaraja yanayogeuzwa ili mashua ipite, na tutaona maji yanavyotunzwa. Mwisho tutasema habari za watu waliokuwa wakiishi ndani ya mashua hizo, maana habari zao zinatugusa sisi tuliojifunza kusoma ukubwani.

MFEREJI WENYEWE

Mfereji wetu unaitwa Leeds and Liverpool. Uko kaskazini mwa Uingereza. Leeds ni mji wa upande wa mashariki. Liverpool ni mji wa bandari upande wa magharibi. Kati ya miji hiyo miwili kuna vilima virefu viitwavyo Pennines. Urefu wa mfereji ni kilomita 204. Hiyo ni zaidi kidogo ya safari ya barabara kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro.

Kazi ya kuuchimba ilianza mwaka 1770 ikamalizika mwaka 1816. Hebu hesabu. Ni miaka 46! Wengi walioianza kazi ile hawakuuona mwisho wake.

Kwa nini watu walijitaabisha hivyo? Wakati ule hapakuwa na treni wala gari. Barabara zilikuwa za matope. Farasi aliyebebeshwa mzigo mgongoni aliweza kuchukua kilo mia moja na kitu tu. Lakini farasi yule yule akifungwa kamba na kukokota mashua juu ya maji matulivu, aliweza kuvuta tani 30 na zaidi. Mzigo ukielea, uzito wake unachukuliwa na maji. Kazi ya farasi ni kuusogeza tu. Ndiyo maana kando ya mfereji kuna njia nyembamba. Hiyo ilikuwa njia ya farasi.

Mashua zilibeba makaa ya mawe, mawe ya chokaa, nafaka, sufu na pamba. Pamba haimei Uingereza kwa sababu ya baridi. Ilikuja kwa meli mpaka Liverpool. Katika miaka ile ya kwanza, nyingi ya pamba hiyo ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa huko Amerika, na meli za Liverpool zenyewe zilikuwa zikifanya biashara ya watumwa. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, pamba ya Uganda nayo ilianza kupelekwa katika viwanda vya huko. Kwa hiyo mfereji huu si habari ya Waingereza peke yao.

Mfereji ulichimbwa kwa mikono. Vyombo vilikuwa sururu, koleo na toroli. Ili maji yasinywewe na ardhi, wachimbaji walipaka udongo wa mfinyanzi chini na kandoni. Udongo huo ulilowanishwa, ukakandwa na kukanyagwa mpaka ukashikamana. Mahali pengine waliswaga ng'ombe wapite juu yake ili waukanyage. Mama anayefinyanga vyungu atafahamu mara moja. Udongo uliokandwa vizuri haupitishi maji.

MASHUA NYEMBAMBA

Mashua tutakayosafiria ni nyembamba kweli kweli. Upana wake ni kama mita 2 na sentimita 10. Urefu wake unaweza kufika mita 18. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni behewa la treni lililoingia majini. Hapo zamani mashua za namna hii zilitengenezwa kwa mbao, na nafasi yote ilikuwa ya mizigo. Siku hizi nyingi ni za chuma. Ndani mna vitanda, jiko, meza na choo. Injini yake ni ya dizeli.

Nahodha husimama nyuma kabisa, ameshika mkono wa usukani. Usukani huu unataka kuzoewa. Ukiusukuma mkono kushoto, mashua inakwenda kulia. Ukiusukuma kulia, inakwenda kushoto. Tena mashua haina breki. Kuisimamisha lazima urudishe injini nyuma, nayo itazidi kuserereka kabla haijasimama.

Mwendo wake ni wa pole. Sheria inakataza kupita kilomita 6 na nusu kwa saa. Mtu anayetembea kwa miguu kandoni huongozana na mashua huku akizungumza na waliomo. Si kwamba injini haiwezi kukimbia. Ukikimbia unafanya mawimbi, na mawimbi yanabomoa kingo. Kingo zikibomoka, tope linajaa mferejini. Haraka ya mtu mmoja ni hasara ya wote.

CHUMBA CHA MAJI KINAVYOFANYA KAZI

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno. Mashua inapandaje mlima?

Wachimbaji walijua kwamba mfereji wa mashua hauwezi kuwa na mteremko. Ukiwa na mteremko maji yatakimbia yaishe. Kwa hiyo mfereji hukatwa vipande vipande, na kila kipande ni tambarare kama sakafu. Kipande kimoja kiko chini, kingine kiko juu, kama ngazi za nyumba. Mahali kipande cha chini kinapokutana na cha juu, hujengwa chumba cha mawe. Chumba hicho hakina paa. Kina milango mbele na nyuma. Waingereza hukiita kwa jina lile lile wanaloliita kufuli. Sisi hapa tutakiita chumba cha maji.

Tuseme mashua inatoka chini inataka kwenda juu. Fuata hatua hizi:

1. Maji ya chumba yawe chini, sawasawa na mfereji wa chini. Milango ya chini inafunguliwa, mashua inaingia.

2. Milango ya chini inafungwa nyuma ya mashua.

3. Penye milango ya juu kuna vidirisha vidogo vilivyo chini ya maji. Mtu huchukua mkono wa chuma, mfano wa hendeli ya kuwashia magari ya zamani. Huuzungusha, na kidirisha kinapanda. Maji ya mfereji wa juu yanaingia chumbani.

4. Chumba kinajaa. Mashua inaelea, kwa hiyo inapanda pamoja na maji. Watu wameishika kwa kamba isigonge ukuta.

5. Maji ya chumbani yakiwa sawa na ya mfereji wa juu, milango ya juu inafunguliwa. Mashua inatoka. Imekwisha panda!

Kuteremka ni vivyo hivyo kinyumenyume. Mashua inaingia kwa juu chumba kikiwa kimejaa, maji yanatolewa kwa chini, mashua inashuka nayo.

Utauliza, je, milango haisukumwi na maji ikafunguka? Hapana. Milango huwa miwili. Inapofungwa haikai kama ukuta ulionyooka. Hukutana katikati kwa kona, na ncha ya kona hiyo inaelekea upande wa maji mengi. Maji yanapoisukuma, ndiyo kwanza yanazidi kuibana. Watu kumi hawawezi kuufungua mlango maji yakiwa hayajalingana pande mbili. Yakilingana, mtu mmoja akiegemea mgongo kwenye boriti ya mlango anaufungua.

Akili hii haikuanzia Uingereza. Mwaka 984 Mchina mmoja, Qiao Weiyue, aliyekuwa mkubwa wa serikali, alijenga chumba cha namna hii katika mfereji mkuu wa China. Alichoka kuona mashua zikiharibika na mizigo ikiibwa pale zilipokuwa zikikokotwa juu ya mteremko.

ASUBUHI: KUTOKA SALTAIRE

Haya, tuanze safari. Ni saa mbili asubuhi, tuko Saltaire. Hapa pana kiwanda kikubwa cha sufu kilichofunguliwa mwaka 1853 na tajiri aitwaye Titus Salt. Alikijenga kando ya mfereji kusudi mzigo uingie na utoke kwa mashua. Akawajengea wafanyakazi nyumba hapo hapo. Leo kiwanda hakifumi tena, lakini majengo yanatunzwa, na tangu mwaka 2001 yamo katika orodha ya urithi wa dunia.

Kamba zinafunguliwa. Mashua inasukumwa kwa pondo kutoka ukingoni, injini inaunguruma, tunaondoka. Tukikutana na mashua nyingine tunapita kulia. Hii ni kinyume cha barabara zao, maana barabarani Waingereza huendesha kushoto kama sisi.

Baada ya mwendo mfupi tunakuta chumba cha kwanza, Hirst. Hapa watu wetu wanajizoeza kazi. Mmoja anabaki na usukani. Wawili wanashuka na mikono ya chuma. Kila mtu ana kazi yake, na kila mtu anamtazama mwenzake kabla hajazungusha chochote.

Mbele yake kuna kitu cha kushangaza. Mto Aire unakatiza njia. Mfereji hauingii mtoni. Umejengewa daraja la mawe lenye matao saba, nao unapita juu ya daraja hilo pamoja na maji yake. Wewe uko ndani ya mashua, majini, halafu unachungulia chini unaona mto mwingine unapita!

Baada ya hapo kuna vyumba viwili vya Dowley Gap vilivyoungana. Tunapanda. Jua limekwisha toka, na wasafiri wameanza kulowa jasho.

MCHANA: NGAZI YA BINGLEY

Karibu na saa sita tunafika mji wa Bingley. Kwanza kuna ngazi ya vyumba vitatu. Tukimaliza hiyo, mbele kidogo tunaiona ngazi kubwa. Ni vyumba vitano vilivyopandana, kimoja juu ya kingine, kama ngazi ya jitu. Milango meusi yenye boriti nyeupe imepanda mpaka juu. Urefu wa kwenda juu ni mita 18. Hiyo ni kama nyumba ya ghorofa sita. Ndiyo ngazi ya maji iliyo kali kuliko zote nchini Uingereza.

Ngazi hii ilifunguliwa tarehe 21 Machi, 1774. Inasemekana watu kama 30,000 walikusanyika kutazama mashua za kwanza. Zaidi ya miaka 250 imepita, na ngazi ile ile bado inafanya kazi kila siku wakati wa kiangazi.

Ugumu wake ni huu. Katika ngazi, mlango wa juu wa chumba kimoja ndio mlango wa chini wa chumba kinachofuata. Hakuna mfereji katikati yake. Kwa hiyo maji ya kujaza chumba cha kwanza hutoka chumba cha pili. Ya kujaza cha pili hutoka cha tatu. Kabla ya kupanda, chumba cha chini kabisa lazima kiwe kitupu, na vile vinne vya juu viwe vimejaa. Ukikosea utaratibu, mambo mawili yanaweza kutokea. Ama utamwaga maji katika chumba ambacho kimekwisha jaa, yafurike mpaka njiani. Ama utafika katikati ukute chumba cha mbele hakina maji, na mashua ikwame.

Kwa sababu hiyo yuko mlinzi wa ngazi. Hakuna anayeruhusiwa kupita bila yeye, na usiku vidirisha hufungwa kwa kufuli. Mlinzi anapanga nani apande na nani ateremke. Anasema, "Fungua hiki. Ngoja. Sasa kile." Watu wanamsikiliza, hata kama ni wakubwa wa ofisi huko watokako. Pale ngazini mkubwa ni yule anayeyajua maji.

Hatari nyingine iko wakati wa kuteremka. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha mawe kilichojitokeza ndani ya chumba. Chumba kikijaa hukioni. Maji yakishuka, nyuma ya mashua inaweza kukalia kizingiti hicho. Mbele inashuka na maji, nyuma inabaki juu, na kwa dakika chache mashua inainama inazama. Ndiyo maana ukutani wamechora mstari mweupe. Nahodha lazima aiweke mashua mbele ya mstari huo, asimame hapo macho yake yakiwa wazi, asipige soga. Na wenzake walioko juu wasiondoke kwenye vidirisha. Wakiona mashua inaanza kuinama, wafunge vidirisha mara moja maji yasizidi kutoka.

Tunachukua karibu saa nzima kupanda vyumba vitano. Tukifika juu, tunageuka nyuma. Mji wa Bingley uko chini yetu. Tangu asubuhi tumepita vyumba 11.

ALASIRI: MADARAJA YANAYOGEUKA

Kutoka hapo juu mfereji unakwenda kilomita 27 bila chumba hata kimoja. Umefuata ubavu wa bonde, unazunguka vilima badala ya kuvikata. Kazi imekwisha? Bado. Sasa ndiyo zamu ya madaraja.

Mfereji ulipochimbwa ulikata mashamba ya watu. Mkulima alijikuta nyumba iko ng'ambo hii na malisho yako ng'ambo ile. Ilibidi kampuni ya mfereji imjengee daraja. Lakini daraja la mawe lenye kuinuka juu lina gharama kubwa. Daraja la mbao lililolala karibu na maji ni rahisi, ila linaziba njia ya mashua. Wafanyeje? Walitengeneza daraja linalogeuka. Upande mmoja wa daraja umekaa juu ya mhimili wa chuma. Mtu husukuma boriti ndefu, na daraja lote linazunguka kama mlango wa zizi, likalala sambamba na ukingo. Njia ya mashua inakuwa wazi.

Kati ya Bingley na Silsden kuna madaraja mengi ya namna hii. Kila tukikaribia moja, mashua inasogea ukingoni, mtu mmoja anaruka nchi kavu. Anatazama kulia na kushoto kama hakuna gari wala mnyama. Anafungua kufuli, anasukuma. Madaraja mengine ni mazito, hasa mbao zikivimba kwa mvua au chuma kikipanuka kwa joto. Hapo huitwa msaada, watu watatu wanabandika migongo, "Haya, pamoja!" Mengine yaliyo kwenye barabara zenye magari hutumia umeme siku hizi. Unaingiza ufunguo, taa nyekundu zinawaka, vizuizi vinashuka, magari yanasimama, nawe unabonyeza kitufe. Madereva wanasubiri mashua inayokwenda kwa mwendo wa mtu mwenye kikapu kichwani!

Mashua ikipita, kazi haijaisha. Lazima daraja lirudishwe na kufungwa. Hii ni sheria, na pia ni adabu. Ukiliacha wazi, mkulima atafika na ng'ombe wake jioni akute hana pa kupita. Ng'ombe wa maziwa hawangoji. Ni sawa na mpita njia anayefungua uzio wa shamba lako akaenda zake.

Kumbe katika mfereji huu ng'ombe pia wana habari yao. Mbele zaidi, mahali paitwapo Foulridge, mfereji hupita ndani ya mlima katika shimo la urefu wa mita 1,500 hivi. Mwaka 1912 ng'ombe mmoja aitwaye Buttercup alitumbukia majini upande mmoja. Badala ya kurudi, aliogelea gizani mpaka akatokea upande wa pili. Watu walimtoa akiwa hoi, wakamnywesha pombe kali ili apate nguvu, naye akapona.

Saa kumi na moja jioni tunafika Silsden. Tunapigilia vigingi, tunafunga kamba, injini inazimwa. Siku nzima tumekwenda kilomita zisizofika 20. Gari lingemaliza njia hiyo kwa nusu saa.

HESABU YA MAJI

Tufanye hesabu kidogo. Chumba kimoja cha Bingley kina urefu wa kama mita 18 na upana wa mita 4. Maji hupanda humo kama mita 3.6.

18 x 4 x 3.6 = mita za ujazo 259.2

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo ni lita 259,200. Ukigawa kwa debe la lita 20, unapata madebe 12,960. Karibu madebe elfu kumi na tatu kila mashua inapopita! Na maji hayo hayarudi juu. Yanateremka chumba hadi chumba, kuelekea Leeds.

Maji hayo hutoka wapi? Hutoka katika mabwawa yaliyojengwa vilimani, karibu na sehemu ya juu kabisa ya mfereji. Mabwawa hutegemea mvua. Mvua isiponyesha, mfereji unafungwa. Mwaka 2010 palikuwa na ukame, na mfereji ukafungwa kutoka Wigan mpaka Gargrave. Mwaka 2025 mvua za masika zilikuwa haba, na vyumba vingi vya mfereji huu vikafungwa tena. Mashua zilikaa zilipokuwa. Aliyeijaza mashua yake dizeli na chakula, na aliyekuwa na pesa nyingi, wote walikwama sawa.

Ndiyo maana wasafiri wanafunzwa kubana maji. Upana wa chumba unatosha mashua nyembamba mbili ubavu kwa ubavu. Ukimwona mwenzako anakuja nyuma, msubiri mwingie pamoja. Maji ya safari moja yatatumika kwa mashua mbili. Na ukitoka, funga milango na teremsha vidirisha. Kidirisha kilichosahauliwa usiku kucha kinaweza kukausha kipande kizima cha mfereji, na asubuhi mashua za watu zikakutwa zimelala matopeni.

WATU WALIOISHI MAJINI

Ndugu msomaji, sasa nisikilize vizuri. Reli zilipokuja katika karne ya 19, ziliichukua mizigo. Wenye mashua walipunguziwa malipo. Katika mifereji mingi ya Uingereza, watu wa mashua walishindwa kulipa kodi ya nyumba nchi kavu, wakahamia na wake na watoto ndani ya mashua. Chumba chao kilikuwa kidogo mno, nyuma ya mzigo. Humo walipika, walilala, walizaa. Mama alishika usukani huku ananyonyesha. Mtoto aliongoza farasi.

Watoto hao hawakusoma. Si kwamba walikuwa wajinga. Walijua kila chumba, kila daraja, kila kona ya mfereji. Lakini leo wako mji huu, kesho wako mji ule. Shule gani itawapokea? Basi walikua watu wazima bila kujua kuandika majina yao. Karatasi ya malipo ikija, walisomewa na mtu mwingine. Kama alisoma kweli au alidanganya, watajuaje?

Mwaka 1877 bunge la Uingereza lilitunga sheria ya mashua za mifereji. Ilitaka mashua ziandikishwe na hali ya waliomo itazamwe. Mwaka 1884 ikaongezwa nguvu. Mtu aliyepigania jambo hilo ni George Smith wa Coalville, ambaye yeye mwenyewe alifanyishwa kazi ngumu ya matofali alipokuwa mtoto. Sheria ilisaidia kwa kiasi. Lakini shule haikuwa rahisi kuifuata mashua, na hata katikati ya karne ya 20 walikuwapo watu wa mashua wasiojua kusoma.

Wewe unayesoma mstari huu, unajua maana yake. Mtu anaweza kuwa na akili nyingi na mikono yenye ufundi, na bado akapunjwa kwa sababu ya karatasi.

MFEREJI LEO

Mwaka 1948 mifereji mingi ilichukuliwa na serikali. Mizigo ilizidi kupungua. Baridi kali ya mwaka 1962 hadi 1963 iligandisha maji kwa wiki nyingi, na biashara iliyobaki ikavunjika karibu yote. Mifereji mingine ilijaa takataka na kufukiwa. Huu wa Leeds and Liverpool ulisalimika. Wananchi wa kujitolea walisaidia sana kuiokoa mifereji. Walizibua, walijenga upya, walidai isifungwe. Tangu mwaka 2012 mifereji mingi ya huko inasimamiwa na shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust.

Kazi haiishi. Mlango wa mti wa mwaloni hudumu kama miaka 25, kisha hubadilishwa. Kwa hiyo ngazi ya Bingley imedumu miaka 250 siyo kwa sababu ilijengwa ikaachwa. Imedumu kwa sababu kila kizazi kimeitengeneza. Kisima cha kijiji, bomba, mfereji wa shamba, vyote viko hivyo hivyo. Siku ya ufunguzi watu huja wengi na ngoma hupigwa. Lakini chombo hudumu kwa yule anayekuja siku isiyo na ngoma, na nyundo mkononi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza kwa maneno yako jinsi mashua inavyopanda katika chumba cha maji. Chora picha yake ukutani au mchangani.

2. Kwa nini milango ya chumba haifunguki mpaka maji yalingane?

3. Kama mashua mbili zinaingia chumbani pamoja, kila moja imetumia madebe mangapi ya maji?

4. Katika kijiji chenu, maji ya watu wote yanasimamiwa na nani? Je, kuna mtu anayeacha "kidirisha wazi"? Mfanyeje?

5. Kitu gani kijijini kwenu kilijengwa na wazee, nacho kinangoja ninyi mkitengeneze?